Rejeo la Thelathini na Nne

Steshenari yangu iko Ng'ong'ona, ukishuka kutoka chuoni,
chumba kimoja, printa mbili, moja mgonjwa.
Mchana wanafunzi huleta fomu na picha za paspoti.
Walimu wao huja jioni, wakitupa macho nyuma,
flashi mfukoni kama mtu anayeficha dawa:
"Binti, jarida limerudisha. Eti marejeo hayajakaa sawa."

Mimi hukalisha.
Jina la ukoo, koma. Herufi ya kwanza, nukta.
Mwaka uingie mabanoni. Kichwa cha makala kisimame,
jina la jarida lilale.
Kistari kati ya kurasa kiwe kile kirefu,
si kile kifupi cha kuungia maneno;
kuna watu huko ng'ambo wanalipwa kuona tofauti.
Mia tatu kwa rejeo.
Upepo wa Julai ukipiga, vumbi huingia kwenye kibodi,
koma inagoma, naibonyeza mara mbili,
zinatoka tatu.

Sayansi sijasoma. Lakini hawa watu nawajua.
Namjua anayejirejelea mwenyewe mara tisa.
Namjua aliyekufa tangu themanini na saba
na bado anabishana ukurasa wa nne.
Na huyu "na wenzake", masikini,
kashiriki kila utafiti, jina hana.

Juzi Dokta Mbwambo, yule wa kiduha
(kiduha kinyonyacho mtama mizizini
huku majani yangali yanakudanganya),
aliniachia sitini na mbili.
Nilipofika la thelathini na nne,
baada ya Lyimo, kabla ya Massawe,
nikakuta:

Mahinyila, F. Mvumi. Agosti. Mazungumzo.

F, nukta.
Foibe. Dada yake baba.
Na Mahinyila ni babu, mtu wa ng'ombe,
hakuwahi kufukia hata punje moja ardhini,
ila ndiye aliyetangulizwa,
na shangazi, mwenye jembe, kabaki herufi.

Nikafungua mwongozo wa jarida, kifungu cha saba:
mazungumzo binafsi hayaingii katika orodha.
Yatajwe ndani ya matini, kwenye mabano, basi,
kwa kuwa msomaji hana pa kuyahakiki.

Hana?
Bodaboda mpaka Mvumi ni maelewano.
Ukimkosa nyumbani, ulizia shamba la bondeni.

Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kufuta
mpaka skrini ikajizima yenyewe.

Nikampigia.
"Shangazi, umeandikwa."
"Na nani tena?"
"Yule dokta wa kiduha. Anasema mtama wako wa lugugu
unawahi kukomaa, magugu hayajapata nguvu.
Anasema ni wewe uliyemwambia."
"Nimeandikwa wapi?"
"Kwenye mabano."
"Ndiyo nini hayo?"
Nikatafuta. "Kama viganja viwili vikikinga punje."
Kimya. Mbuzi akalia upande wake wa simu.
"Na zile kilo mbili za mbegu, atarudisha lini?
Alisema anaazima."

Nikalifuta.
Massawe akasogea, akakaa palepale,
kama benchi la zahanati mtu anapoitwa ndani.
Kisha nikaenda ukurasa wa sita, ndani ya matini,
nikahakiki koma zake moja moja kwa kucha,
na ile F nikaifungua ikawa jina zima.
Mwongozo nimeusoma mara mbili:
hakuna mahali ulipokataza.

Asubuhi nikamchapia dokta ankara.
Marejeo sitini na moja, kwa mia tatu:
elfu kumi na nane na mia tatu.
Chini yake mstari mmoja zaidi,
kwa printa ile nzima, wino usikatike:

Mbegu za lugugu, kilo mbili.
Zirudishwe Mvumi kabla ya mvua.